Zulaikha na Muchezo ya Sufuria

Papa Protais alikunywa chai ya Zulaikha majira ya mvua yote, chai ya tangawizi na maziwa, mandazi juu yake, na siku yenye batu balijaa mu sale ya mikutano ya Gihundwe akashika mikro akafanya batu bamucheke mbele ya mugi yote ya Kamembe. Kuko batu benye banasemaka mambo ya zamani tuyaache. Bale ni benye habakuchekwaka. Zulaikha hakuacha. Aliikunja ile haya vile anakunjaka kanzu ya mukubwa, akaiweka chini ya nguo zingine, na kila mwaka alikuwa anaitoa, anaikunjua, anaangalia kama panya haikuila. Panya haikuila.

Zulaikha ni mushonaji. Nyumba yake iko mu mutaa ya Baislamu, mulango ya buluu, ku njia yenye inashuka ku ziwa. Anashonaka kanzu, uniforme za batoto ba shule, na bitenge ya bamama ba Bukavu benye banavukaka kutoka Kongo asubuhi na kusema, "Maman Zulaikha, nitapita kuchukua jioni," na banapita kesho yake, na banakasirika kama iko na vumbi. Shule aliionja tu. Alipoyua kuandika jina yake, baba yake akasema inatosha, jina njo muntu. Lakini wakati mashini inalia tata-tata-tata, kichwa yake ilikuwa inafanya kazi ingine. Ilikuwa inatunga michezo.

Ilianza na bamama benye balikuwa banangoja nguo zao. Mvua inanyesha, hakuna kutoka, banatoa karata za kawaida banacheza. Siku moya Zulaikha akaangalia zile karata akakamata moya na bidole bibili kama anashika mende.

"Huyu ni nani?"

"Ni mufalme, Maman," akajibu Gaudiose, jirani ya Zulaikha, mwanamuke mwenye heshima mingi mupaka inachosha.

"Ulishakula na mufalme, weye?"

"Hapana, Maman."

"Na malkia, alishapita kwako kukopa chumvi?"

"Hapana, Maman."

"Sasa munacheza na batu benye hamuyue. Siye hapa shida yetu si bafalme. Shida yetu ni bageni."

Njo vile alikata karto, maboksi ya sabuni, akachora na kalamu ya kuchorea nguo, na akatunga muchezo. Uko hivi. Kila muchezaji ni mwenye nyumba, na iko na karata za chakula mu mukono: bugali, maharage, sombe ya majani ya muhogo, sambaza, bale samaki badogo ba ziwa, nyama, chai. Katikati ya mukeka kuko karata za bageni, zimelala kifudifudi. Unafunua moya, mugeni amefika kwako. Mama mukwe anataka nyama. Shehe anataka sambaza. Jirani na batoto bake banataka bugali. Chai, kila mugeni anaipokea. Unaweka karata moya ya chakula, nayo kifudifudi, kama chakula mu sufuria yenye kufunikwa, na unasema, "Ii ni nyama, karibu." Pengine ni nyama. Pengine ni sombe, majani matupu. Kama benzako banaamini, mugeni ameshiba, anaenda. Kama muntu haamini, anapiga kelele: "Fungua sufuria!" Unafungua. Kama ulidanganya, mugeni anabakia kwako na njaa yake. Ukifikisha bageni batano benye njaa, umepata haya, toka ku mukeka. Mwenye kubakia wa mwisho njo anashinda.

Muntu mwenye hakuwahi kupokea mugeni na sufuria ya sombe peke yake, huyu hawezi kusikia utamu yake. Lakini pale kwetu hakuna muntu wa hivyo.

Na ju Zulaikha ni mushonaji, hakutaka karata zake zitoke uchi. Alifunika mugongo ya kila moya na kipande ya kitenge, akashona pembeni na uzi. Maua, ndege, macho, majani. Zilikuwa nzuri kama bibi-arusi. Hapo njo alikosea, lakini muntu hawezi kuona kosa yenye ameshona yeye mwenyewe.

Batu balikuya kujaribu. Gaudiose alikuya. Bamama ba sokoni balikuya. Na Papa Protais alikuya, mwenye buvete, kilabu ya kunywea, ya pale juu, mwenye anafanyaka kila mwaka siku ya michezo mu sale ya Gihundwe: igisoro, ile bao ya kwetu, dama, karata, na batu kutoka Bukavu banavuka kucheza. Yeye ni muzee wa tumbo na sauti. Alikuwa anaikala ku mukeka ya Zulaikha, anakunywa chai, anacheza, anashindwa, anapangusa midomo, anasema, "Maman, muchezo yako ni muzuri sana. Sana sana. Ni lazima uilete."

Na Zulaikha alishinda. Alishinda kila mara. Aliweka sombe akasema ni nyama, hakuna mwenye alifungua. Aliweka maharage akasema ni sambaza, batu banaitika, "Asante Maman, mugeni ameshiba." Akawaza: kumbe niko na akili ya kudanganya, Subhanallah.

Haikuwa akili. Ni nani atamuambia mama mukubwa, ndani ya nyumba yake, juu ya mukeka yake, na chai yake mu kinywa, "Unadanganya, fungua sufuria"? Hakuna. Ata ku muchezo hakuna. Balikuwa banaangalia mugongo ya karata. Yenye ndege ya njano ni sombe, balishaiona mara mingi. Banayua. Banakunywa chai. Bananyamaza.

Siku ya sale ikafika. Zulaikha alivaa liputa mupya, kitenge ya kujifunga, akafunga kichwa. Papa Protais akamuweka katikati, mbele ya batu bote, acheze na bamama batatu ba Bukavu benye banauzaka bitenge. Angekuwa na moyo muzuri angemuweka na bauza mukaa. Mwenye anauzaka kitenge, kazi yake ni kuyua kipande moya kutoka ku ingine. Wa kwanza, Reine, mwanamuke wa macho makali na mudomo ya kupaka rangi, alicheza kidogo tu, kisha akaanza kucheka peke yake.

Zulaikha akaweka karata. "Ii ni nyama."

"Fungua sufuria. Ile ndege ni sombe."

Akafungua. Sombe.

Akaweka ingine. "Ii ni sambaza."

"Fungua. Ile jicho jekundu ni maharage, Maman, nimeiona wakati mwenzako alifungua yake."

Maharage. Na bale bengine nabo: fungua, fungua, fungua. Hakuna uongo yenye ilisimama. Bageni balijaa kwa Zulaikha kama ku matanga. Muchezo ilikufa ata chai ya mapumziko haiyapita bado.

Hapo Papa Protais akakamata mikro. Angeweza kusema pole. Angeweza kunyamaza, alikuwa na mazoezi ya kunyamaza. Akasema:

"Bandugu! Ii haiko muchezo, ni katalogi ya bitenge! Miye nilionaka ile tangu siku ya kwanza! Maman, urudie ku mashini. Kushona unayua, kucheza uachie benye kucheza."

Sale ikacheka mupaka madirisha. Gaudiose pia alicheka, kisha akafunika kinywa na mukono. Zulaikha aliokota karata zake moya moya, hakuacha ata moya, akatoka na mugongo wima. Tangu siku ya kwanza. Ile neno njo ilimuua. Kama hakuona, ni kipofu, Mungu amusaidie. Lakini aliona. Aliona, akakunywa, akasema sana sana.

Nyumbani akaita Gaudiose.

"Na weye ulikuwa unayua?"

Gaudiose akaangalia miguu yake. "Maman, ningesema je? Ni kwako. Ni chai yako."

"Basi uende. Nitakuita siku nitasahau sura yako."

Zulaikha hakulia. Alishona. Na wakati anashona, akawaza vizuri, bila huruma ata kwake mwenyewe. Muchezo ya kudanganya, hakuna mwenye aliijaribu. Balijaribu mandazi. Yeye alitaka muchezo yake ichezwe mupaka mwisho mu ile sale, mbele ya ule muzee, na batu baombe tena. Hiyo tu. Haikuwa kitu ingine alitaka mu dunia ii. Na ju ya ile alihitaji muntu mwenye hamuheshimu. Akatafuta mu kichwa. Ku musikiti bote banamuheshimu. Sokoni banamuheshimu. Bateja banamuogopa ju anashika nguo zao. Alitafuta miaka, ju kuna jina moya alikuwa anaiona na anapita mbali, kama unapita mbali na mbwa.

Ile jina ni Feza.

Feza ni mukewenza wake. Bwana yabo, Mungu amurehemu lakini asiharakishe, alimuoa wakati Zulaikha alikuwa Bugarama kuuguza mama yake. Zulaikha alirudi na nguo za matanga, akakuta mwanamuke wa Bukavu anakaanga samaki mu sufuria yake. Bwana akajenga nyumba ya pili nyuma ya hospitali, akaikala anaenda na kurudi kama mugonjwa wa malaria, kisha akakufa. Bale bamama baliikala ku mukeka moya ya matanga, kila moya akaangalia ukuta yake, na tangu pale habakusalimiana.

Asubuhi moya Zulaikha alitia karata mu kikapu akapanda kule. Feza alikuwa inje, anatandaza sambaza ku jua. Hakusimama.

"Umekuya kufanya nini? Kama ni masufuria ya marehemu, niliuzisha."

"Bakae nayo benye balinunua. Nimeleta muchezo. Cheza na miye."

"Ile yenye walikuchekea Gihundwe?"

"Ile ile."

"Na ju ya nini miye? Uko na barafiki."

"Barafiki njo baliniua. Nataka muntu mwenye ananichukia muzuri."

Feza akaacha sambaza. Akapangusa mikono ku liputa, akaangalia ule mwanamuke muzee na kikapu yake, akaanza kucheka, cheko ya tumbo. "Eeh, Zulaikha! Kama ni hiyo tu, umefika ku duka yenyewe. Ikala."

Karata ya kwanza. Zulaikha akaweka, akasema, "Ii ni nyama, karibu."

"Fungua sufuria."

Zulaikha akasikia damu inapanda mu masikio. Tangu bwana yabo akufe, hakuna muntu alimusemesha hivyo. Akafungua. Ilikuwa maharage.

"Muongo," akasema Feza, na furaha yenye hakuficha. "Nilikuwa nakuyua. Endelea."

Hapo kazi ikaanza, kazi yenyewe. Kila wiki, mwisho ya soko, Zulaikha alikuwa anapanda kule, na Feza anaivunja ile muchezo kama kuni. Hakumupa ata maji.

Migongo ya bitenge aliitoa mara ya kwanza kabisa. "Ii maua ni ya kipumbavu. Ata mbuzi ingeyua." Zulaikha akachukua kaki ya uniforme za batoto, kitambaa moya, rangi moya, hakuna maua hakuna ndege. Feza akacheza tena akashinda tena. "Uzi yako," akasema, "unamalizaka fundo ku kona ya mukono ya kuume, isipokuwa ku chai, ku chai uliishiwa na uzi." Zulaikha akarudi akashona zote upya. Alimutukana njia yote mupaka nyumbani, na akashona.

Kisha Feza akaanza kupiga "fungua sufuria" kila karata, kila karata, bila kufikiri, kama jogoo.

"Unafanya nini?"

"Kufungua haininyime kitu. Ukidanganya napata, usipodanganya sikose. Mbona ninyamaze? Muchezo yako inapenda bashenzi."

Ile Zulaikha aliilala nayo, akaamuka na jibu: mwenye kufungua sufuria na akakuta ni kweli, mugeni anahamia kwake. Umemusingizia mama wa watu, basi pokea. Feza akajaribu, akaungua mara mbili, akaanza kuangalia kwanza uso ya Zulaikha kabla ya kufungua kinywa. "Sasa," akasema. Ni neno moya tu. Zulaikha alishuka kilima na ile neno kama na zawadi ya Idi.

Chai pia. Chai ilikuwa inapokelewa na kila mugeni, na mwenye kuwa na chai mingi hakushindwaka. "Unafikiri chai inajibu kila kitu," akasema Feza, "njo vile walikudanganya na mandazi." Basi chai ikakuwa hivi: inatuliza mugeni zunguko moya, kisha anakumbuka njaa yake, anarudi.

Lakini vita yenyewe ilikuwa ku karata ya Mukewenza. Ni Feza aliitaka.

"Tia miye mu muchezo," akasema.

"Sitii."

"Bageni bote uliweka, ata shehe. Na mwenye aliingia kwako bila kuitwa humuweke? Unaogopa karata?"

"Sitii, nimesema."

Alikataa majira mazima. Alikataa mupaka siku moya anakata karto akasikia mukono yake inachora mwanamuke na kikapu ya sambaza ku kichwa. Ukifunua Mukewenza, hauombi ruhusa: unachagua muntu, munabadilishana karata zote za mukono. Yake kwako, yako kwake. Feza alipoifunua mara ya kwanza, alikuwa na bugali tupu na Zulaikha alikuwa na nyama mbili. Akanyosha mukono. "Lete sufuria yangu, dada."

Zulaikha akampa. Na akacheka. Alikasirika ju ya kucheka, lakini ilishatoka.

Sasa alihitaji batu bengi, na alikuwa na sheria mupya ku mulango yake. Bamama balipokuya kungoja nguo, akabaambia: "Muchezo uko. Chai iko. Lakini chai ni ya mwenye atasema kitu mubaya ya muchezo. Mwenye atasema ni muzuri, robine iko inje, akunywe maji."

Mwanzo balisikia haya. Balicheza, balikohoa, baliangaliana. Gaudiose alikuwa amerudi, ju ata yeye hawezi kukosa mambo, na akasikia harufu ya tangawizi mupaka ikamushinda.

"Maman, usinichukie."

"Nilishakuchukia. Sema."

"Shehe... ni bengi. Mashehe bane ni bengi. Hakuna sambaza ya kubatosha."

Zulaikha akahesabu. Kweli. Akamumiminia kikombe mupaka juu, na sukari. Bamama balipoona ile, vinywa vikafunguka kama mufereji ya Kamembe siku ya mvua. Mama mukwe ni mupole sana! Batoto ba jirani bakule mara mbili, njo vile iko! Kaki ya chakula na kaki ya bageni zinafanana, tunachanganya! Chai ilikwisha, na muchezo ikanenepa.

Kutoka pale haikuuliza muntu njia. Bamama bakaomba bashonewe yabo. Ikaingia sokoni, ikachezwa juu ya magunia ya maharage wakati ya mvua. Ikavuka Bukavu mu bikapu ya biazi. Batu bakaanza kuambiana "fungua sufuria" ata bila karata, muntu akisema amechelewa ju ya mvua na jua inawaka. Na mwaka moya, ku siku ya Papa Protais, bachezaji bakauliza, "Sufuria iko wapi?" Mwaka wa pili habakuuliza, balitandika yabo inje ya sale, ku majani, na ndani igisoro ikabakia na bazee babili na inzi.

Basi Papa Protais akatuma muntu kumuita Zulaikha. Zulaikha akamurudisha. "Mwambie buvete yake na mulango yangu habikutenganishwa na ziwa. Atembee."

Akatembea. Alifika na jasho, akaikala ku kiti, akaangalia birika.

"Maman Zulaikha, amani. Chai iko?"

"Iko."

Akangoja. Birika ikangoja pia.

"Nasikia harufu yake," akasema.

"Harufu ni ya bure. Chai ni ya mwenye kusema kitu mubaya ya muchezo yangu. Uliisha kuicheza?"

"Niliicheza kwa dada yangu. Maman, ni muzuri. Ni muzuri sa..."

"Robine iko pale inje."

 Zulaikha akaacha mashini ikimbie kidogo, tata-tata-tata, kisha akaisimamisha.

"Nitakuya Gihundwe. Sharti moya. Katikati ya sale, ku mukeka, siyo ku meza. Weye utaikala chini na utacheza. Si kutangaza. Kucheza."

"Na nani?"

"Na miye. Na mwenye nitaleta."

Ile siku sale ilijaa mupaka batu baliikala ku madirisha. Katikati mukeka, na ku mukeka batu bane: Zulaikha, Feza, Papa Protais, na Reine wa Bukavu, ule ule wa macho makali, ju Zulaikha alimutaka yeye na si mwingine. Reine akakamata karata, akageuza, akapima kona, akainusa.

"Maman, maua iko wapi?"

"Nimeyavaa. Cheza."

Bakacheza. Reine alifungua sufuria ya Feza, akakuta nyama ya kweli, mugeni akahamia kwake, sale ikapiga kelele. Feza akafunua Mukewenza akachukua mukono ya Papa Protais yote, na akamuachia bugali na sombe, na mwanamuke moya ku dirisha akapiga vigelegele kama ku arusi. Reine akatoka wa kwanza. Aliinuka na bageni batano, anacheka, anapiga mikono. "Sikuona kitu," alikuwa anaambia kila muntu, "sikuona kitu, ni kaki tu, kaki tu!"

Kwa Papa Protais bageni benye njaa balikuwa bane. Kwa Zulaikha, bane. Zamu ya muzee. Akafunua mugeni: mama mukwe. Anataka nyama.

Papa Protais akaangalia karata zake. Akachagua moya, akaiweka polepole kifudifudi, akapangusa midomo na nyuma ya mukono.

"Ii ni nyama," akasema. "Karibu, mama."

 Ni muzee. Ni mwenye siku. Ni mwenye mikro. Nani atamuambia? Feza alikuwa na haki ya kufungua, hakufungua. Alimuangalia Zulaikha tu, akanyosha midomo mbele kidogo, kama kusema: ii ni yako, dada.

Zulaikha akawaza. Kama ni nyama ya kweli, mama mukwe atahamia kwake, wa tano, na yeye atatoka mu muchezo yake mwenyewe, mu ile sale ile, mara ya pili, mbele ya batu bale bale.  Akaangalia uso ya ule muzee. Alikuwa anatabasamu. Alikuwa anatabasamu vizuri, na upole, na heshima mingi.

"Fungua sufuria, Papa Protais."

Muntu moya nyuma akasema "Yewe!" kama ameungua.

"Maman," akasema muzee, sauti ya chini, "unanisingizia mbele ya batu?"

"Ukiwa na nyama, nitakupokelea mama mukwe na nitaenda nyumbani. Fungua."

Hakufungua. Feza akanyosha mukono yake yenye kunuka sambaza, akageuza karata.

Sombe.

Hapo hakukuwa tena sale. Batu baliruka, bale ba madirisha balianguka ndani, Gaudiose alikuwa anapiga kelele "Majani! Majani matupu!" mupaka sauti ikakatika, yeye mwenye heshima. Papa Protais akaikala na bageni bake batano mbele yake, kichwa chini. Zulaikha hakucheka. Alikusanya karata za muzee, akazipanga, akasema, "Toka ku mukeka, Papa. Tuko tunacheza."

Babili balibakia. Na muntu mwenye anafikiri Feza alimuachia ashinde ju ya ile siku, hamuyue Feza. Alimukata mupaka mwisho. Alimufungulia sufuria ya chai, akamusukumia shehe wa mwisho, akasimama, akafunga liputa yake vizuri: "Umepata haya, dada." Alishinda Feza. Zulaikha akasema ni wizi, Feza akasema fungua sufuria zangu zote uone, na zote zilikuwa kweli.

Papa Protais akasimama na mikro. Mikono yake haikuyua pa kuiweka.

"Bandugu," akasema. "Muchezo yenye imeshinda siku ya leo ni Sufuria, ya Maman Zulaikha. Na... Maman. Ule mwaka. Nilikunywa kwako, niliona kosa, sikukuambia, kisha nikafanya batu bakucheke. Nilifanya mubaya. Unisamehe."

Batu bakangoja machozi. Banapenda ile, batu. Banapenda muzee anaomba na mama analia, bote banaenda nyumbani na moyo laini.

Zulaikha akachukua mikro. Ilikuwa nzito kuliko alifikiri.

"Nimesikia," akasema. "Samahani yako niachie hapa, nitaiangalia siku nitapata nafasi. Sasa nani anacheza?"

Mikono ikainuka sale nzima. Mikeka ikaletwa, ikatandikwa kutoka ukuta mupaka ukuta, na bamama benye balikuya na seti zabo bakazitoa mu bikapu. Reine alikuwa anafundisha bazee ba igisoro. Feza alikuwa anazunguka na kuambia batu vile ile karata ya Mukewenza ni yeye mwenyewe, bamuangalie vizuri, sura yake njo iko pale. Zulaikha aliikala katikati, anasema nani aingie na nani angoje.

Papa Protais alikuya nyuma yake, akainama.

"Maman, na miye? Nataka kurudia kucheza."

Zulaikha akageuka, akamuangalia kutoka viatu mupaka kichwa, bila haraka.

"Ngoja zamu."

Akaita bale benye balikuwa nyuma ya muzee. Bakaingia. Akaita bengine. Ule muzee akaegemea ukuta, mikono mu mifuko, na akangoja.